Shamba Tulilolifagia

Toronto hakukuwa na fagio la nje. Madukani mlikuwa na mafagio ya ndani, ya plastiki, yenye mpini mrefu, unafagia umesimama wima kama askari wa lindo. Mama mkwe wangu alilijaribu moja kwenye udongo, akaliangalia, akalirudisha ndani. Kisha akashuka kwenye bonde dogo nyuma ya majengo yetu kule Malvern, akakata nyasi ndefu ngumu zinazoota karibu na maji, akazianika kwenye roshani ya ghorofa ya nane, akazifunga kwa kipande cha kitenge. Likawa fagio la kweli, fupi, la kuinamia.

Hilo fagio aliamini ndilo lililotunyang'anya shamba. Si kweli. Waliotunyang'anya ni serikali, na nitawasema. Lakini yeye aliamini hivyo, na mimi sijapata njia ya kumtoa hapo, na ndicho kinachoniuma kuliko shamba lenyewe.

Nianze alipofika.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa na kijana wa Uvira aliyekuwa anavuka ziwa kuja kuuza vitenge, tukaja Kanada kabla vita havijafika kwao. Wakati ninaousimulia nilikuwa na binti wa miaka minne na mtoto wa kiume wa mgongoni. Mume wangu alipakua mizigo ya ndege huko Malton, upande mwingine kabisa wa jiji, basi baada ya basi. Alirudi asubuhi macho mekundu, akalala mchana kutwa. Kwa hiyo mambo ya nyumba yalikuwa yangu, na mama yake alipokuja, akawa wangu pia.

Vita vilipofika Uvira alikimbilia upande wetu wa ziwa, akakaa kambini mpaka tulipofanikiwa kumleta. Mume wangu alilia uwanja wa ndege. Mimi sikulia, nilikuwa najipanga. Wenzangu kanisani walikuwa wamenionya juu ya mama wakwe: anaonja mboga yako, anakunja uso, anaongeza chumvi mbele ya mumeo. Nikasema huyu akija na vita vya jikoni atanikuta nimesimama.

Vita havikuja. Alikuja mtu anayeomba ruhusa ya kunywa maji.

"Mwanangu, naomba maji." Hivyo, kwenye nyumba ya mtoto aliyemzaa, bomba lipo pale hatua chache. Nikimwambia, mama, chukua tu, anaitika, "Aksanti," na kesho anaomba tena. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake hospitalini. Lifti aliiogopa. Jiko la umeme aliliogopa. Binti yangu akimsemesha kwa Kiingereza, maana watoto wa huku wanakusikia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, anatabasamu na kuangalia pembeni. Huko kwao alikuwa na mashamba mpaka mlimani, na wanawake wa kumsaidia msimu wa maharagwe. Mume wangu alinisimulia hayo. Nilikuwa namwangalia yule mama kwenye kiti na sikuweza kumwona mwenye mashamba hata kidogo.

Baridi ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili ilipokaribia kuisha, mimi nikapasuka. Mimi si mtu wa maneno laini, na usiku ule mtoto hakuwa amelala. Nikamwambia, "Mama, mimi nimechoka kuombwa maji. Hapa ni kwako. Wewe si mgeni hapa."

Akaniangalia moja kwa moja, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Mie nimekaa hapa baridi mbili. Nani alinipa jembe?"

Nikapiga pasi nguo ambazo zilikwishapigwa pasi.

Ardhi alituonyesha jirani yetu Mrundi wa ghorofa ya tano. Nyuma ya majengo kulikuwa na uzio wa waya wenye tundu, na nyuma ya uzio eneo kubwa la wazi, la serikali. Wengine walisema lilinunuliwa zamani ili zijengwe nyumba, wengine walisema barabara. Kilichokuwepo ni nyasi, miiba na chupa za vijana. Jirani alikuwa amelima kipande kidogo, anapanda maharagwe, na ushauri wake ulikuwa mfupi: msimwulize mtu yeyote. Mimi nikamwuliza msimamizi wa jengo, maana sipendi kuishi kwa kunyata. Akainua mabega. Ya serikali, akasema, walishaisahau.

Mama mkwe aliposikia ni ya serikali hakuogopa. Alifurahi. Alisema ardhi ya mtu ukiilima ni ugomvi, lakini ya serikali ukiilima, serikali inakuona una akili. Kwao ndivyo ilivyokuwa, na kwetu pia. Chifu au mwenyekiti anapita, anakuta pori limekuwa shamba, anasema vizuri mama, endelea.

Nikamnunulia jembe. Jembe la dukani hapa ni kibati chembamba kwenye fimbo ndefu. Alilishika, akaligeuza, akaniuliza kama ni la kuchokonolea masikio. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Mume wangu akatafuta mtu anayejua kuchomelea vyuma, akatengenezewa lingine, zito, la kweli, na mama akalipokea kwa mikono miwili, akalala nalo kando ya kitanda. Sitanii.

Yule mwenye mashamba nikamwona kuanzia hapo. Alipima kwa miguu. Aliokota vioo vyote kimoja kimoja. Mawe aliyoyang'oa aliyapanga mstari kuwa mpaka, nje ya mstari nyasi, ndani ya mstari udongo mweusi usio na jani la bure. Mbegu za lengalenga, mchicha wao wa Kikongo, alipewa na wanawake wa kanisani, zimefungwa kwenye pindo la kanga. Maharagwe yalitoka kwa Mrundi. Akapanda mahindi, akapanda maboga kwa ajili ya majani. Mimi nilikuwa kibarua. Mtoto mgongoni, jembe mkononi, na yeye nyuma yangu anakagua.

"Wewe ulisoma," alikuwa akiniambia, "ila kulima hukufika darasa hilo."

"Mama, kwetu tulikuwa na vibarua."

"Ee, naona. Ulikuwa unawapelekea chai."

Jirani Mrundi anacheka mpaka anakaa chini.

Na binti yangu. Shambani bibi yake alikataa kusikia Kiingereza. Alisema masikio ya lugha hiyo hakuja nayo, yaliachwa njiani. Mtoto akilia kwa Kiingereza, bibi anapalilia. Siku moja nikiwa nang'oa mizizi, nikasikia nyuma yangu, "Bibi, huyu mdudu anakula mboga yetu." Kiswahili chote, na yule bibi akajibu bila kugeuka, "Mtoe, mwambie aende kwake." Niliinama tena haraka kwa sababu sikutaka mtu aone uso wangu.

Nyumbani kiti cha mlangoni kikawa kitupu. Alifungua friji bila kuomba. Alipanda na kushuka lifti na beseni kichwani, na Wazungu wa lifti wakajifunza kusogea. Jioni moja akaonja mboga yangu, akakunja uso, akaongeza chumvi mbele ya mume wangu. Nikafurahi kama mjinga.

Ilikuwa misimu miwili ya kiangazi. Miwili tu, ya pili haikuisha vizuri.

Ubao uliwekwa kando ya barabara, mkubwa, mweupe, wenye ramani. Niliusoma nikiwa na mkokoteni wa mtoto na mifuko ya sokoni. Serikali ilikuwa inapendekeza kuuza ardhi yake ya ziada, na ramani ilikuwa inaonyesha kuanzia bondeni mpaka kwenye uzio wetu. Maoni ya wananchi yanakaribishwa. Maafisa watalikagua eneo, kisha utafanyika mkutano wa wazi kwenye ukumbi wa shule.

Nilimweleza mama jikoni, akiwa anachambua majani ya maboga. Aliniuliza ziada ina maana gani hapo. Nikasema kile kinachobaki, ambacho hawakihitaji.

Akawaza. "Kama hawakihitaji wao, na sisi tunakihitaji, basi mazungumzo ni mepesi," akasema. "Wanakuja lini?"

Mimi nilikuwa na hasira tayari. Nilitaka kwenda na mabango kama nilivyoona watu wakifanya kwenye televisheni, maana miaka ile serikali ilikuwa inakata bajeti ya kila kitu na watu walikuwa barabarani. Mama akasema hapana. Mgeni wa serikali hapokelewi kwa kelele. Na alipoanza kueleza anapokelewaje, nikajikuta naitikia, kwa sababu hilo nililijua. Shuleni kwetu, mkuu wa mkoa akitangazwa kuja, tulifyeka nyasi wiki nzima. Tulichota maji, tukamwagilia vumbi, tukapaka chokaa mawe ya njiani. Mgeni akute usafi. Akikuta usafi anajua hapa pana watu.

Basi tukafanya hivyo. Mavuno yalikuwa karibu, kwa hiyo tukavuna yote. Maharagwe tuling'oa na mashina yake, tukayaanika roshani. Mahindi tukakata, mabua tukafunga mizigo, tukayabeba hadi kwenye mapipa ya taka ya jengo ili yasionekane. Lengalenga ya mwisho tukaing'oa na mizizi. Jirani naye akasafisha upande wake, maana hakutaka aonekane mchafu peke yake. Halafu mama akachukua lile fagio lake la nyasi, akainama, akafagia shamba zima kutoka mpaka hadi mpaka, kwa mistari ile ya nusu duara, kama uwanja wa nyumba asubuhi ya harusi. Mwisho alitembea kinyumenyume ili asiache nyayo.

Ilipendeza. Nataka mtu anayesoma hapa ajue kwamba ilipendeza sana.

Siku ya wageni alivaa kitenge chake cha kanisani. Kwenye mstari wa mawe alipanga zawadi: mifuko miwili ya maharagwe mapya na maboga mawili, moja kwa kila afisa kama wangekuwa wawili. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Waliegesha gari barabarani, wakapita kwenye lango ambalo siku zote lilikuwa na kufuli, wakaja wanatazama chini wasikanyage kitu. Mwanamume alikuwa na kamera. Akapiga picha bondeni, akapiga kwenye uzio, akaja kwetu, akapiga udongo uliofagiwa.

Mama akainua boga kwa mikono miwili akampa.

Yule bwana akatabasamu, akatikisa kichwa. Nilimwambia kwa Kiingereza ni la kwake, limetoka hapa, hapa aliposimama. Akasema ni zuri sana lakini hawaruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa umma. Mwenzake alisema sisi ni wakarimu. Wakaandika kidogo, wakarudi garini. Mama alibaki ameshika boga.

"Amekataa," akasema.

Nikamwambia ni sheria yao ya kazi.

"Mtu akikataa chakula chako mbele yako, amekuja na neno baya," akasema, akaliweka boga chini taratibu.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule, viti vya kukunja, mashine ya chai nyuma. Watu hawakujaa. Wenye nyumba za upande wa pili walikuja kuuliza bei za nyumba zao zitapanda au zitashuka. Mimi nilikaa na mama, mtoto mapajani, binti yangu ananyonya pipi. Wakazima taa, wakaanza kuonyesha picha ukutani. Bonde. Uzio. Kisha shamba letu, kubwa kama ukuta, la kahawia, safi, na mistari ya fagio juu yake inaonekana moja moja.

Yule bwana wa kamera akasema kwamba kama inavyoonekana, sehemu hii ni tupu na haina matumizi yoyote.

Nilisimama. Sikungoja taa. Mtoto akaamka akaanza kulia na mimi nikaendelea juu ya kilio chake. Nilisema, "Si tupu. Imefagiwa. Unajua maana ya kufagiwa? Uliuona mfuko wa maharagwe, ulishikiwa boga usoni. Tulikusafishia wewe." Kiingereza changu kilikuwa kinavunjika na nikakiacha kivunjike. Nikasema kwamba tumekula kutoka pale, na mwanangu amejifunza kusema pale, na huyu mama mnayemwona hapa alikuwa amekufa akiwa amekaa kwenye kiti na pale ndipo alipofufuka.

Watu waligeuka kuniangalia kama mtu aliyemwaga kitu.

Bwana alinisikiliza, na hilo ndilo lililonichoma, alinisikiliza vizuri kabisa, mikono ameikunja. Akasema anashukuru kwa maoni yangu. Akasema anasikitika, lakini hata kama pangekuwa na bustani, hakuna kibali kilichotolewa, na bustani zisizo na kibali hazizingatiwi katika mapendekezo haya. Kisha akaomba swali linalofuata. Mzee mmoja akauliza kuhusu maegesho.

Hata kama pangekuwa na bustani. Nilikaa na maneno hayo. Maana yake wangeyakuta maharagwe yamesimama, mahindi yamefika kichwani, bibi amejipinda na jembe lake, wangepiga picha hiyohiyo na kuuza vilevile. Ilikuwa imeamuliwa kabla ubao haujachimbiwa. Kutuita mkutanoni ilikuwa adabu tu.

Mama alinigusa goti. "Wamesema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Mimi siwezi hiyo kazi. Nilimtafsiria yote, pamoja na lile neno tupu.

Aliangalia ukuta, ambako sasa kulikuwa na picha nyingine ya watu wengine. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Niliifagia mie mwenyewe."

"Mama, haikuwa fagio. Umesikia, wamesema hata kama—"

"Ningeacha maharagwe yasimame wangeona haya."

Njiani nilimwambia. Nyumbani nilimwambia. Mume wangu aliamka akamwambia, kwa lugha yao ya Kifuliru, muda mrefu, mlango umefungwa. Jirani Mrundi akapanda kutoka ghorofa ya tano kuja kumwambia. Alituitikia wote. Alisema ndiyo, ndiyo, mmesema kweli. Halafu kesho yake nikamkuta kwenye roshani anafungua fagio lake, unyasi mmoja mmoja, anauweka kando.

Nimefikiri sana juu ya hili. Nadhani alichagua. Kama kosa ni lake, basi wale watu ni watu: walikuja, wakadanganywa na macho yao, na siku nyingine mtu mwingine akiacha maharagwe yake yasimame wataona haya na watageuka. Kama kosa si lake, basi kulikuwa na watu wanaoweza kuangalia chakula na kukiita utupu, na wao ndio wenye nchi aliyoletwa kuzeekea. Alishakutana na watu wa namna hiyo Uvira, walikuja na bunduki. Hakutaka kukutana nao tena wakiwa na kamera na tabasamu. Akaona ni afadhali abebe yeye. Na mimi niliyekuwa namvuta mkono kila siku, mama si wewe, mama si wewe, labda nilikuwa namvuta kwenye shimo lililo baya zaidi. Nikaacha. Sijui kama nilifanya vizuri. Hasira yangu ikakosa pa kwenda, ikabaki nami, bado ninayo.

Uzio mpya uliwekwa kabla theluji haijaanguka, mrefu, hauna tundu. Jembe zito tuliliweka kabatini nyuma ya makoti. Maharagwe yale ya zawadi tuliyala Desemba, na mama alikula kidogo akasema yameiva vizuri.

Kiangazi kilichofuata hapakujengwa kitu. Kutoka ghorofa ya nane tuliona nyasi zikirudi, kisha miiba, kisha chupa. Mawe ya mpaka yalionekana mpaka mwezi wa sita, baadaye yakafunikwa. Aliyenunua alikuwa anangoja bei ipande, walisema. Binti yangu alianza shule, na Kiswahili chake kikaanza kumtoka kwa mafungu, maneno ya wadudu yakiwa ya kwanza, kwa kuwa wadudu hakuwaona tena. Bibi akimsemesha, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na bibi hasemi tena habari za masikio yaliyoachwa njiani. Anatabasamu, anaangalia pembeni.

Kile kiti sikumbuki kilirudi lini karibu na mlango. Nilijua kimerudi siku moja asubuhi nikiwa nakaanga vitunguu. Niliongeza chumvi nyingi makusudi, nikamwita aonje. Akaonja. Akasema ni nzuri, mwanangu, haina kasoro. Akarudi kukaa, mkoba mapajani.

Baada ya muda nikasikia sauti yake nyuma yangu.

"Mwanangu, naomba maji."

Nilifungua bomba, nikaacha yatiririke mpaka yakawa baridi, nikajaza bilauri, nikampelekea. Akaipokea kwa mikono miwili, kama mgeni.